Waksi ya bangi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameokotwa kaunta, kwenye duka la dawa hapa Majengo, Dodoma mjini. Wanaouliza ni wazazi, wanachuo, madereva wa bodaboda, na mara mojamoja kijana anayesema anamuulizia rafiki yake. Anayetafuta namna ya kuitengeneza au pa kuinunua hatapata kitu hapa. Anayetaka kujua ni nini, na inamfanya nini mtu, aendelee kusoma.

Waksi ni kitu gani hasa?

Ni utomvu wa bangi uliotengwa na mmea wake. Maua ya mmea jike yana vinyweleo vidogo mno vinavyotoa utomvu unaonata, na humo ndimo imejaa THC, kemikali inayolewesha. Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kueleza umbo lake mwaka 1964, huko Israel. Mbegu na vikonyo vina kidogo sana, karibu na bure. Anayetengeneza waksi anachukua ule utomvu, mmea uliobaki anautupa. Kinachopatikana ni kitu laini cha rangi ya njano au kahawia, kinachonata vidoleni.

Kwa hiyo si mmea mwingine, na si "dawa mpya kutoka Marekani" kama vijana wanavyoitangaza. Ni bangi ileile, kwa kipimo kingine kabisa.

Kipimo kingine kivipi? Bangi si bangi tu?

Hapa ndipo penye shughuli, kwa hiyo tuvumiliane na hesabu kidogo.

Katika masoko ya Marekani ambako bangi inauzwa kisheria na kupimwa maabara, maua makavu mara nyingi huwa na THC ya asilimia 15 hadi 25. Waksi na ndugu zake huwa kati ya asilimia 60 na 90. Chukua kipande cha waksi cha gramu 0.05, yaani uzito wa punje mbili hivi za mchele. Kikiwa na asilimia 80, kina miligramu 40 za THC. Watafiti wa Marekani, tangu mwaka 2021, wamekubaliana kutumia miligramu 5 kuwa kipimo kimoja cha kawaida, ili tafiti zao ziweze kulinganishwa. Punje mbili za mchele ni vipimo vinane. Na mtu anavivuta kwa pumzi moja au mbili.

Msokoto wa bangi ya kawaida unaweza nao kufika miligramu hizo. Lakini msokoto unazunguka kijiweni, unavutwa taratibu, moshi mwingi unapotea hewani, na mtu akishaona kichwa kimekuwa kizito anapitisha kwa mwenzake. Waksi haikupi nafasi ya kusema "imetosha", kwa sababu ukija kujua imetosha umeshaimeza yote kifuani.

Watu wa Dodoma tunalima zabibu, kwa hiyo mfano uko jirani: mvinyo una kilevi cha asilimia 12 hivi, na ukikenekwa unapata pombe kali ya asilimia 40. Aliyezoea glasi ya mvinyo hawezi kujaza glasi ileile konyagi akategemea kutembea vizuri. Ila konyagi angalau inakuunguza koo ikakuonya. Mvuke wa waksi unaweza kupita mwororo kabisa.

Skanka wanayoitangaza kila siku kwenye taarifa za habari, ndiyo hiyo?

Hapana. Skanka ni maua ya bangi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Bado ni mmea, unaona majani na maua. Waksi haina jani hata moja. Wauzaji hupenda kuchanganya majina kwa makusudi, kwa kuwa jina geni linapandisha bei.

Shata, bada, rosini, laivu rezini, distileti. Ipi ni ipi?

Nitaeleza, ila nitangulize maoni yangu: haya majina yanawahangaisha watu bure. Karibu yote yanaeleza jinsi kitu kinavyoonekana au kilivyotolewa. Hakuna hata moja linalokwambia nguvu yake.

Shata ni ngumu, inang'aa na kuvunjika vipande. Waksi na bada ni laini, tofauti yao ni unyevu na jinsi zilivyokorogwa. Rosini imekamuliwa kwa joto na mgandamizo bila kutumia kiyeyusho, yaani kemikali ya kuyeyushia utomvu. Laivu rezini imetoka kwenye mmea uliogandishwa ukiwa mbichi badala ya kukaushwa, na kwa sababu hiyo inabaki na harufu kali. Distileti ni mafuta yaliyokenekwa mpaka yakakaribia kuwa THC tupu, na ndiyo mara nyingi hujazwa kwenye vepu, yaani sigara za kielektroniki.

Hashishi ni mkongwe wao. Watu wa milima ya Rif huko Morocco na bonde la Bekaa huko Lebanon wameitengeneza kwa kuchekecha mimea mikavu, na nguvu yake kwa kawaida iko chini ya waksi.

Kijana akikwambia "hii ni rosini, haina kemikali, haina shida", amejibu swali la kiyeyusho. La THC hajaligusa.

Mwanangu ana vepu inayonukia embe. Nitajuaje kama ni nikotini au bangi?

Mama, kwa pua hutajua. Kwa macho pia ni kubahatisha. Mafuta ya bangi huwa mazito, ya rangi ya dhahabu, na ukiigeuza vepu yanatembea polepole. Maji ya nikotini ni mepesi na yanatiririka haraka. Lakini kuna vepu ambazo huwezi kuona ndani, na ladha ya matunda inaweza kufunika kila harufu.

Mtazame mtoto kuliko kifaa. Macho mekundu, kinywa kikavu, njaa ya ghafla, kusahau alichosema sasa hivi, kucheka bila sababu au kutulia isivyo kawaida yake: hayo ni ya THC. Nikotini kwa kawaida haifanyi hivyo. Na usianze kwa kumpeleka kupima mkojo kwa nguvu. Ukimpima kabla hujaongea naye utapata jibu la kipimo, yeye utakuwa umempoteza.

Ndani yake kuna nini zaidi ya THC?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe zaidi.

Waksi nyingi hutolewa kwa gesi ya buteni, ileile iliyomo kwenye viberiti vya gesi. Katika kiwanda chenye leseni huko nje, gesi hiyo huondolewa na mabaki yake hupimwa. Katika chumba cha mtu hakuna anayepima. Kingine ni dawa za kuua wadudu. Mmea ukinyunyiziwa sumu, mabaki yake yanaweza kutoka pamoja na utomvu, na yanakolezwa pamoja na THC.

Halafu kuna vinavyoongezwa. Mwaka 2019 vijana wa Marekani walianza kufika hospitali wakihema kwa shida, mapafu yameharibika. Mpaka Februari 18, 2020, mamlaka za afya za huko zilikuwa zimehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufariki, 68 kati yao wakiwa wamethibitika kufa. Wengi walikuwa wametumia vepu zenye THC zilizonunuliwa mtaani. Kilichohusishwa kwa nguvu zaidi ni vitamini E asetati, mafuta yaliyoongezwa ili bidhaa ionekane nzito. Ukiyala au ukiyapaka kwenye ngozi hayana tatizo. Kuyavuta mapafuni ni jambo jingine.

Na hiyo ilitokea nchi yenye maabara kila mji. Ya kwetu inayopita mkono kwa mkono kutoka Dar, haina lebo, na yenye lebo inaweza kuwa kopo tupu lililojazwa upya. Kuna pia uwezekano kwamba si bangi kabisa, bali kemikali za kutengenezwa zinazoiga THC. Hizo ni hatari zaidi, zimeleta degedege na vifo, na kipimo cha kawaida cha mkojo hakizioni.

Kwa nini husikika nyumba zimelipuka?

Buteni ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda, chini ya meza, mpaka ikutane na moto. Na nyumba zetu za kupanga zina moto kila kona: jiko la mkaa koridoni, jiko la gesi, swichi inayotoa cheche, mtu anayewasha sigara. Mpangaji wa chumba cha tatu anaungua kwa jambo asilolijua. Ukisikia harufu ya gesi nyingi kwa jirani na kuona makopo mengi matupu ya gesi ya viberiti, toa watoto nje kwanza, maneno yafuate.

Mtu akizidisha inakuwaje?

Ikiwa amevuta, huanza ndani ya dakika chache, hufika kilele ndani ya nusu saa hivi, na kwa wengi hupungua baada ya saa mbili hadi nne. Ikiwa amekula, iwe biskuti, keki au asali iliyochanganywa, huchukua nusu saa hadi saa mbili kuanza, na hapo ndipo watu hukosea. Anaona kimya, anaongeza kipande kingine, halafu vyote viwili vinamkuta pamoja na vinaweza kumshika siku nzima.

Utaona moyo unakwenda mbio, jasho, kutetemeka, kutapika, kizunguzungu akisimama, na hofu kubwa kiasi cha kusema "nakufa". Wengine husikia sauti au kudhani watu wanawafuata.

Akiwa macho na anaongea: mkalishe au mlaze mahali tulivu, punguzeni watu, mpe maji kidogokidogo, na mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba itapita. Asiachwe peke yake na asipande pikipiki. Akisinzia mlaze ubavu, ili akitapika matapishi yasimzibe.

Mkimbize hospitali kwa bajaji au gari lolote lililo karibu ikiwa haamki, anapumua kwa shida, amepata degedege, analalamika kifua kinauma, au anataka kujidhuru. Mwambieni daktari ukweli wa alichotumia. Kuficha kunamfanya atafute malaria na kisukari huku saa zinakwenda.

Maziwa je? Au limau?

Kila wiki tunauliziwa. Maziwa hayaondoi THC iliyokwisha kuingia kwenye damu. Limau halina madhara kama mtu yuko macho, lakini usitegemee litamtibu. Kumtapisha kwa kidole au kwa maji ya chumvi, usithubutu. Aliyelewa anaweza kupaliwa.

Inaua?

THC peke yake kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra sana kuua moja kwa moja, na sitamtisha mtu kwa uongo. Ajali inaua. Moyo uliokuwa na tatizo tayari unaweza kushindwa. Kilichochanganywa ndani kinaweza kuua. Kwa mtoto mdogo hesabu inabadilika kabisa, nitalieleza mwishoni.

Ni kweli wanaoizoea hawalewi sana?

Kuna ukweli ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, walichapisha mwaka 2020 utafiti wa watumiaji wazoefu. Waliotumia bidhaa zilizokolezwa walikuwa na THC kwenye damu zaidi ya mara mbili ya wenzao waliovuta maua, lakini ulevi wao, kwa vipimo vya kumbukumbu na usawa wa mwili, haukutofautiana sana. Vijana wakisikia hilo hushangilia. Mimi nalisoma vingine: mwili wao umeshakuwa sugu, unahitaji THC nyingi kufika palepale. Huo ndio mlango wa uraibu. Na anayejaribu kwa mara ya kwanza hana usugu huo hata chembe.

Inaleta uchizi? Mtu anaishia Mirembe?

Kwanza tuiache Mirembe ipumzike. Nchi nzima jina hilo ni tusi, wakati ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaingia wakiumwa na wanatoka wakiwa nafuu. Dhihaka hiyo ndiyo inayowafanya wazazi wa hapahapa mjini, kilomita chache kutoka getini, wamzungushe mtoto kwa waganga miezi mingapi sijui kabla ya kumpeleka anakostahili.

Sasa jibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika kwenye maeneo 11 ya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC kuanzia asilimia 10 walikuwa na uwezekano wa kupata saikosisi karibu mara tano ya wale ambao hawajawahi kutumia. Saikosisi ni ile hali ya kusikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyokuwepo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba bangi pekee ndiyo chanzo, na wengi wanaovuta hawapati ugonjwa huo. Lakini angalia kizingiti chao: asilimia 10. Waksi inaanzia 60.

Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyeanza akiwa kijana mdogo, ubongo bado unajengeka, na kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili. Huyo, hata msokoto mmoja nisingemshauri.

Sauti na hofu za siku ile zikiendelea baada ya siku mbili tatu, usisubiri "dawa itoke mwilini". Nenda hospitali.

Kaka yangu anatapika kila asubuhi na anakaa bafuni na maji ya moto. Vipimo vyote safi.

Muulize kama anatumia bangi kila siku, kwa miaka. Kuna ugonjwa wa kutapika unaowapata watumiaji wa muda mrefu, madaktari wa Australia waliueleza mwaka 2004, na alama yake ya ajabu ni hiyohiyo: maji ya moto yanampa nafuu ya muda. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo na taifodi mara nyingi kabla mtu hajauliza swali sahihi. Dawa yake ya kudumu ni kuacha kabisa. Akitapika mpaka hakojoi, awekewe maji hospitali.

Nikitaka kuacha nitapata arosto?

Ukiwa mtumiaji wa kila siku, ndiyo. Hasira za karibu, kukosa usingizi, ndoto nzito, hamu ya kula kupotea, jasho usiku. Huanza siku moja au mbili baada ya kuacha, wiki ya kwanza ndiyo mbaya, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki mbili tatu, isipokuwa usingizi unaoweza kuchelewa. Hailingani na arosto ya heroini.

Watu huniuliza kama wanaweza kupata methadoni kwenye kliniki ya Itega, hapa Dodoma. Methadoni ni kwa waraibu wa heroini na jamii yake, kwa bangi haifanyi kazi. Kinachosaidia waraibu wa bangi ni ushauri nasaha wa kukutana mara kwa mara na mtaalamu, na kutibiwa sonona au wasiwasi uliokuwepo chini yake. Huduma hiyo ipo Mirembe, na unaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliyeko Manyoni, Kondoa au Mpwapwa aanzie hospitali ya wilaya apewe rufaa.

Mafuta ya bangi yanatibu kansa, nimeona video.

Hakuna utafiti wa binadamu uliothibitisha kwamba yanaponya kansa. Kilichopo ni hiki: tangu mwaka 1985 Marekani ina kidonge cha THC ya maabara cha kupunguza kichefuchefu cha tiba ya kansa, na mwaka 2018 iliidhinisha dawa ya maji ya CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolewesha, kwa aina mbili adimu za kifafa cha utotoni. Zote zina miligramu zinazojulikana na daktari anayesimamia. Kichupa cha mtu wa mtandaoni hakina hata kimoja. Mgonjwa wa kansa mwenye maumivu ana haki ya kupewa dawa halisi za maumivu, ikiwemo mofini. Aziulizie hospitali ya Benjamin Mkapa.

Umoja wa Mataifa si umeruhusu?

Haujaruhusu. Desemba 2020, kamisheni yake ya dawa za kulevya ilipiga kura kuitoa bangi na utomvu wake kwenye jedwali la nne, lile kali zaidi, la mkataba wa 1961. Ilibaki jedwali la kwanza, bado chini ya udhibiti.

Na Tanzania ina sheria yake, ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa 2017. Kulima, kumiliki, kuuza, kusafirisha na kutumia ni makosa. Usafirishaji na biashara vinaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha. Mwenye nyumba anayeacha nyumba yake itumike akijua, naye ana kesi. Usidanganywe kwamba "sheria inasema majani, hii ni mafuta".

Inakaa kwenye mkojo muda gani?

THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogokidogo. Aliyetumia mara moja, siku tatu nne hivi. Wa kila siku, wiki kadhaa, hata mwezi na zaidi. Chai za kusafisha mnazouziwa ni maji ya bei mbaya.

Mtoto amelamba au amekula kitu chenye bangi. Nifanye nini?

Usisubiri dalili. Mtoto wa kilo 12 hana mahali pa kuiweka dozi ya mtu mzima. Anaweza kusinzia mpaka asiamshike, kulegea na kupumua kwa shida, na dalili zinaweza kuchelewa saa mbili au zaidi. Futa kilichobaki mdomoni kwa kitambaa, usimtapishe, usimpe maziwa kwa nguvu, mbebe uende hospitali sasa hivi na uchukue kifungashio au mabaki. Usiku au mchana ni sawa, dharura hazifungwi. Kwa ushauri wa jumla kuhusu dawa za kulevya, au kutoa taarifa, mamlaka inayozidhibiti inapokea simu bure kwa namba 119. Lakini mtoto akiwa mikononi mwako amelegea, simu ipigwe na mwingine, wewe uwe njiani.